Zeze Lililoitwa Tusekile

Saa kumi na moja na nusu jioni nilishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Shangazi Tukuswiga, kule Mpemba, nikamwomba dereva anisubiri.

"Dakika tano tu, kaka."

"Dakika tano za mwalimu ni kipindi kizima," alisema, akazima pikipiki.

Nilikuwa nimefuata zana ya kufundishia. Nafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi hapa Tunduma, na kesho yake tulikuwa na somo la ala za muziki za asili. Picha za kitabuni ni ndogo, na mtoto wa miaka minane haelewi uzi mpaka aushike. Shangazi wa mume wangu alikuwa na zeze la kale, urithi wa ukoo wao kutoka milima ya Undali. Niliwahi kuliona likining'inia chumbani kwake, nyuzi zimegeuziwa ukuta, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Ilikuwa wiki ya sita tangu tumzike binti yangu Lucky. Naye alikuwa na miaka minane. Homa ya siku tatu, basi.

Nilirudi kazini siku ya tisa. Msibani sikutoa chozi hata moja. Nilipanga viti, nikahesabu sahani za kukodi, nikawaonyesha wanakwaya mahali pa kusimama. Watu walisema, mwalimu ana moyo. Kwa miaka ishirini na miwili nimewapokea watoto wadogo siku yao ya kwanza ya shule, nikawafuta kamasi na kuwaambia kwa upole: kulia hakusaidii, mwanangu, njoo ukae hapa mbele. Nadhani nilikuwa nimejifundisha na mimi.

Shangazi aliliteremsha zeze, akalilaza juu ya mkeka. Halikuwa la kupigwa kwa upinde. Lilikuwa ubao mrefu uliochongwa ndani kama chano, mweusi kwa moshi. Uzi mmoja wa kano ya ng'ombe ulipita juu yake kwenda na kurudi, mara saba, ukishikwa na meno ya mti huku na huku. Unaudonoa kwa vidole. Nilipoinama nilisikia harufu ya moshi, na chini ya moshi, harufu ya chumvi.

"Huyu ana jina," alisema Shangazi. Alimtaja kama mtu. "Anaitwa Tusekile."

"Maana yake, Shangazi?"

"Tumecheka. Kwa Kiswahili chenu ni hivyo. Tumecheka."

"Jina zuri. Watoto watalipenda." Nilitoa daftari, nikaandika jina na maana yake.

Alinitazama nikiandika mpaka nikamaliza.

"Eva, mwanangu. Umeshalia?"

Nje, dereva alipiga honi.

"Nimeshalia, Shangazi."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Maana asiyelia hampigi huyu."

"Nimelia, Shangazi. Nimelia sana."

Nilidanganya. Nilimdanganya mtu mzima kwa ajili ya kipindi cha dakika arobaini. Aliendelea kunitazama, kisha akalifunga zeze kwenye kitenge kikuukuu, akanipa kwa mikono miwili.

Tulirudi kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva aliligusa furushi kwa kiwiko.

"Mwalimu, umebeba nini? Kitanda cha mtoto?"

"Zeze."

"Basi lishike vizuri. Lisije likatuimbia njiani, mimi muoga."

* * *

Ua wetu una nyumba mbili. Moja ni yetu, mimi na mume wangu Yonasi, ambaye ni wakala wa forodha pale mpakani na hurudi nyumbani malori yanapomruhusu. Nyingine ni ya mdogo wake, dereva wa lori la kwenda Ndola, Zambia. Siku zile alikuwa safarini, na mkewe Fides alikuwa peke yake na mtoto wao mchanga wa miezi mitatu, Jastin.

Jastin alikuwa na kilio chake cha jioni. Kila giza linapoanza kuingia alianza, mpaka majirani wakakigeuza kuwa saa yao. Jastin ameshalia, walisema, washeni taa.

Jioni ile alikuwa ameshaanza. Nilikaa kwenye kitanda cha Lucky, nikalifungua zeze, nikasema nijaribu uzi mmoja tu. Kesho watoto watauliza linaliaje.

Niliudonoa.

Sauti ilikuwa ndogo, kama tone linaloanguka ndani ya mtungi. Ilikwenda... ikafifia... Nami nikasubiri iishe.

Haikuisha.

Iligeuka. Ikawa pumzi ya mtu mdogo anayevuta kamasi polepole asisikike. Kisha kwikwi moja. Kisha nyingine.

Niliijua kwikwi ile.

Jioni ya mwisho ya Lucky tulikuwa wodini. Muuguzi alimtafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa, akahamia wa kushoto. Mwanangu aliuma mdomo, macho yakamjaa maji, na maji hayakuanguka. Aligeuza uso kwangu. "Silii, mama," aliniambia. "Umeona? Silii." Nami nilimpapasa kichwa, nikamwambia, hodari wangu. Asubuhi hakuwepo.

Kilio alichokibana siku ile ndicho kilichokuwa kikitoka kwenye ubao ule mweusi. Chumba kilijaa harufu tamu ya dawa ya maji ya homa, ile ya watoto, yenye rangi ya waridi. Sikuogopa. Ningepaswa kuogopa, na sikuogopa. Nililiinamia zeze, sikio langu likiwa juu ya nyuzi, mpaka likanyamaza.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nje kulikuwa kimya.

Jastin hakuwa akilia.

* * *

Sikulipeleka zeze shuleni. Niliwaambia watoto halikupatikana.

Jioni ya pili nilidonoa nyuzi mbili. Jioni ya tatu, tatu. Kilio cha Lucky kilirefuka, na ndani yake nilianza kusikia maneno, mbali, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi.

"Mama Lucky," Fides aliniita asubuhi kule bombani, akiwa na mtoto mgongoni, "umemwombea huyu nini? Siku ya tatu leo hajalia. Jana nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, nikajiona kama mgeni kwangu."

"Amekua," nilisema.

"Amekua kwa siku tatu? Basi mwombee na baba yake akue."

Alicheka. Nilimtazama Jastin juu ya bega lake. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia, kama ya mzee aliyekaa barazani.

Siku ya nne Fides hakutania. Mtoto halii hata kwa njaa, alisema. Analala na kitambaa kimelowa, halalamiki. Asipomwamsha anyonye, hanyonyi. Siku ya tano alimpeleka zahanati. Jioni alikuja kwangu, akasimama mlangoni akiwa amemkumbatia kwa nguvu, na midomo yake ilikuwa imekauka kuliko ya mtoto.

"Wamesema amepungua. Wamempima, hawajaona kitu. Wamemtoa damu kidoleni." Alishusha sauti. "Mama Lucky... walipomchoma..."

"Alilia?"

"Alicheka."

Nilisogea karibu.

"Alicheka, dada. Kwa sauti. Yule daktari mwenyewe aliangusha kile kisindano."

Alimfunua usoni. Mashavu ya Jastin yalikuwa yameingia ndani. Aliniona, akafungua mdomo usio na jino hata moja.

Akacheka.

Naomba niseme ukweli hapa. Jioni ile nilijua. Mimi ni mwalimu. Kitu kikipungua huku na kuongezeka kule, naona. Nilijua kilio cha mtoto wa watu kinakwenda wapi. Nilimwambia Fides ampe maji ya chumvi na sukari, nikamsindikiza hadi mlangoni kwake, nikarudi, nikafunga mlango wangu kwa komeo.

Nikadonoa nyuzi tano.

Kwa sababu siku ya nne Lucky alikuwa amesema, "Mama." Nilitaka kusikia neno linalofuata.

"Mama... inauma."

Hilo ndilo lilikuwa neno lililofuata.

* * *

Jumamosi mchana Yonasi alinikuta nimelala juu ya zeze, shavu langu limechorwa mistari saba.

"Eva, hiki kitu kirudi Mpemba."

"Jumatatu."

"Leo. Fides anasema jioni anasikia mtoto analia humu ndani. Anadhani ni wewe una redio." Alivuta pumzi. "Mimi nilimwambia ndiyo, ni redio."

"Umesikia na wewe?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake, akafunika macho kwa kiganja, na machozi yakapita katikati ya vidole. Alikuwa akilia hivyo tangu msibani, popote, bila aibu, hata ofisini mbele ya madereva wa Kizambia. Mimi nilimpigapiga mgongo kama ninavyowafanyia watoto wa shule.

Shangazi Tukuswiga alifika mwenyewe saa kumi na moja. Fides ndiye aliyempigia simu juu ya mtoto. Alipita kwanza nyumba ile, kisha akaingia kwangu bila hodi. Hata shikamoo yangu hakuipokea.

"Hukulia," alisema.

"Hapana, Shangazi."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza mara mbili."

Alikaa sakafuni karibu na zeze, akaligusa kwa ncha za vidole kama anayepima homa. Aliongea kwa kunong'ona, nami nikalazimika kuinama.

"Mwaka wa surua kule Undali, watoto walizikwa watatu watatu. Kukawa na mama mmoja amezika wanne. Akaambiwa asilie, kilio chake kinawavunja moyo wengine. Mumewe akamchongea huyu, amlilie. Akamlilia kweli. Wote waliofiwa wakaja, kila mmoja akaacha kilio chake humu, wakarudi mashambani wamepona." Aliupapasa ubao. "Wageni walipopita kijijini na kuona makaburi mabichi, waliuliza, mnawezaje? Wakajibu kwa hilo neno. Ndilo likawa jina."

"Tumecheka," nilisema.

"Hawakuwa na kitu kingine cha kufanya. Kilio kilikuwa kimekwisha ndani yao." Alinitazama. "Huyu hula kilio. Aliyekwisha kulia hamwamshi njaa, anaimba naye tu. Asiyelia anakuja na mkono mtupu kwake, amekifungia cha kwake kifuani. Basi huyu anatafuta kilicho karibu."

"Nikizikata nyuzi?"

"Kilio cha Jastin kimo humo. Unakata nini?"

Nje jua lilikuwa linaelekea upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Fides aliita, "Shangazi!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu.

"Mpe cha kwako," Shangazi alinong'ona. "Chote. Atamwachia mtoto. Lakini na yule unayemsikia atanyamaza. Humpati tena."

"Na mimi?"

Alijifunika mdomo kwa upindo wa kitenge chake.

Fides aliingia, Jastin akiwa mikononi mwake kama nguo iliyokamuliwa. Kichwa kilining'inia. Macho yalikuwa yamefumba nusu. Midomo yake ilikuwa imebaki na tabasamu dogo, jembamba, lisilokuwa la mtoto.

"Mama Lucky, nisaidie," alisema. "Sijui unajua nini. Nisaidie tu."

Naomba msinihesabie wema. Nilisita. Mbele yangu kulikuwa na mtoto anayekufa, na mimi nilisita, kwa sababu nilikuwa naagana na wangu.

Kisha nikaweka vidole vyote kwenye nyuzi.

Saba.

Harufu ya dawa tamu ilikuja kwanza. Halafu pumzi ile ndogo. Halafu kwikwi, na sauti, karibu kuliko siku zote, karibu na shavu langu.

"Silii, mama. Umeona? Silii..."

"Lia, mwanangu," nilimwambia. "Lia. Mama alikosea. Lia kwa nguvu, isikie wodi nzima, nani amekukataza?"

Akalia.

Mungu wangu, alivyolia. Alilia sindano ya kulia na ya kushoto, alilia giza, alilia kuachwa peke yake. Na kifuani mwangu kitu kilichokaa wiki sita kiliachia. Nilikisikia kikipanda. Nilifungua mdomo kitokee hapo.

Hakikupita mdomoni. Kiligeuka begani, kikashuka mikononi, kikatoka kwenye vidole kama maji yanavyotoka kwenye mpira. Zeze likapiga yowe la mwanamke mzima. Nje barabarani madereva walizima redio zao. Yonasi alikuja mbio kutoka uani akiita jina langu, akidhani ni mimi, na akanikuta nimekaa kimya, macho makavu, mdomo wazi, na sauti yangu ikilia kutoka kwenye ubao.

Sijui ilichukua muda gani. Nyuzi zilipotulia, nilimsikiliza Lucky.

Hakukuwa na mtu.

Kisha, mikononi mwa Fides, sauti ndogo, yenye mikwaruzo, yenye hasira...

Jastin alilia.

Fides alianguka magotini akamwekea ziwa, akilia naye. Yonasi alilia. Nje jirani mmoja alisema, "Yule ameamka, washeni taa." Mimi nilikuwa nikiwatazama wote, na kifua changu kilikuwa chepesi, chepesi sana, kama darasa siku ya likizo.

Shangazi alilifunga zeze kwenye kitenge, akaondoka nalo bila kuaga.

* * *

Jastin ana afya. Ana meno manne sasa, na kilio chake kinasikika hadi barabara ya lami. Sijawahi kumweleza Fides nilichojua siku ya tano. Nimeandika hapa, labda atasoma.

Mwezi wa sita tulijengea kaburi la Lucky na kuweka msalaba. Walikuja ndugu wengi, wengine kutoka Vwawa na wengine ng'ambo ya mpaka. Kwaya iliimba. Yonasi alisoma jina lililoandikwa, akakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa, mchungaji akammalizia. Kisha wakaniita mama mzazi niweke maua.

Nilipiga magoti. Niliona jina la mwanangu kwenye saruji, herufi tano, herufi ambazo mimi mwenyewe nilimshika mkono akajifunza kuziandika. Moyo wangu ulipasuka. Nataka mwamini kwamba ulipasuka. Niliinamisha kichwa, watu wakanyamaza kuniachia nafasi, kwa kuwa wote walijua mwalimu bado hajalia na leo ndiyo leo.

Nilifungua mdomo.

Nikacheka.

Nilijaribu kuzuia kwa viganja. Kilizidi. Kilikuwa kicheko kizuri, cha wazi, kama cha mtu aliyeletewa habari njema. Mtoto mmoja wa kwaya alianza kucheka nami, mama yake akamzaba kofi. Mchungaji alifunga kitabu. Nilisikia viatu vikirudi nyuma kwenye changarawe, hatua moja, mbili.

"Eva," Yonasi aliniita kwa kunong'ona, machozi yakimdondoka kidevuni. "Eva, mke wangu, unacheka nini?"

Ndipo nilipomsikia mwingine akicheka.

Nyuma ya watu wote, chini ya mwavuli, Shangazi Tukuswiga alikuwa amejifunika uso kwa kitenge na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia kwamba naye aliwahi kuzaa, na kuzika. Watu walimpisha. Alikuja polepole mpaka kaburini, akapiga magoti kando yangu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Aliteremsha kitenge, nami nikaona macho yake, makavu kama yangu, yakinitazama kwa huruma niliyoitafuta kwa kila mtu nisiipate.

Tukacheka.